Kompyuta Ndogo na Mashine ya Kuchonga Chuma



Mwaka 1952 Chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa kwa tarakimu, kwa fedha za Jeshi la Anga. Leo kazi hiyo yaweza kufanywa na kompyuta ya ubao mmoja, kama Raspberry Pi iliyotolewa Uingereza mwaka 2012 kwa dola 35, ikiongoza mashine iliyoundwa nyumbani.

Mota yenye hatua 200 kwa mzunguko, ikizungusha skrubu isogezayo meza milimita 5, husogeza milimita 0.025 kwa kila mpigo wa umeme. Kompyuta ina shughuli nyingi; mipigo ikivurugika, mota hupoteza hatua na kompyuta isijue. Kwa hiyo mafundi wengi huiachia kompyuta kutoa amri, na kuhesabu mipigo hukikabidhi kidhibiti kidogo kisicho na kazi nyingine.

Kwa sababu hiyo hiyo, swichi ya dharura haipaswi kuitegemea kompyuta. Na ikate umeme wa mota moja kwa moja. Mwenye kubeba silaha anaelewa: chombo kinachotii bila kuona hakina budi kuwa na mtu wa kukisimamisha.