Askari naye ana kwao

Ndugu msikilizaji, raia wengi tunamfahamu askari kwa mambo mawili: gwaride na bunduki. Tunamwona kwenye sherehe za kitaifa akipita mbele ya jukwaa kuu, au tunamkuta usiku kwenye kizuizi cha barabarani akituuliza tunakotoka na tunakokwenda. Baina ya hayo mawili askari ana siku nyingine nyingi ambazo sisi hatuzioni. Anawaza nini akiwa lindoni? Anaishije na mke na watoto walio mbali? Na akipata jioni moja ya mapumziko, anaitumiaje? Katika mazungumzo ya juma hili tutayaangalia maswali hayo. Tutaeleza pia kwa nini muziki wa kupigwa jukwaani, ambao wengi tunaudhania kuwa starehe tu, ulikuwa kwa miaka mingi sehemu ya kazi ya jeshi, na tunapoteza nini unapotoweka.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Mtwara. Mji huu una bandari yenye kina kirefu, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuishia katika hasara. Lakini kusini ya bandari, mwendo usiozidi saa chache kwa gari, uko Mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Kwa sababu hiyo watu wa Mtwara wamekaa na askari kwa vizazi kadhaa. Mwaka 1917 vita vya Wajerumani na Waingereza vilipita huku. Mwezi wa Oktoba palipiganwa Mahiwa, katika Mkoa wa Lindi wa leo, na Novemba jeshi la Wajerumani likavuka Ruvuma. Kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, FRELIMO ilipokuwa ikipigania uhuru wa Msumbiji, mto huo ulikuwa mstari wa mbele. Nachingwea palikuwa na kambi ya mafunzo ya wapiganaji hao, na hapa Mtwara palikuwa na hospitali yao. Na nje kidogo ya mji, Naliendele, yako makaburi ya mashujaa wetu waliokufa katika mapambano ya Msumbiji.

Sasa tuanze na swali la uhai. Aliyesoma habari za vita katika vitabu hudhani kwamba askari anapigana mchana na usiku. Sivyo. Sehemu kubwa ya kazi ya askari ni kungoja. Lindo la mtoni lina mbu, lina mvua za masika zinazojaza handaki maji, lina viboko na mamba, na lina kimya kirefu. Katika vita vile vya 1914 hadi 1918, wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Askari mzoefu anayajua hayo, na ndiyo maana hujali sana mambo ambayo raia huyaona madogo: soksi kavu, maji yaliyochemshwa, chandarua kisicho na tundu, chumvi ya ugali. Anajua kwamba adui wa kwanza ni malaria, wa pili ni kuchoka, na wa tatu ni mawazo.

Hilo la tatu linatupeleka nyumbani. Sajenti mmoja mstaafu, mzee wa Mtwara aliyepitia Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na baadaye akatumikia Msumbiji katika miaka ya 1987 na 1988, aliwahi kunieleza jambo lililonifikirisha. Alisema hofu ya risasi huja na kupita, bali fikra za nyumbani hazina likizo. Msimu wa korosho ukifika, askari wa kusini anaanza kujiuliza nani atapulizia mikorosho dawa, nani ataokota, na fedha za mauzo zitafika mkononi mwa mkewe au zitaishia kwa wajomba. Mtoto wa kiume anaingia jandoni, binti anachezwa unyago, na baba yuko porini. Sherehe ya namna hiyo haingoji ruhusa ya mkuu wa kikosi. Baba anaporudi anamkuta mtoto amekwisha kuwa mtu mzima, naye hakushuhudia.

Wakati ule barua ilichukua majuma mengi. Redio ilikuwa ya haraka zaidi. Sisi tuliofanya kazi studioni tunakumbuka kadi za salamu na maombi ya nyimbo zilizokuwa zikimiminika. Mke alipoomba wimbo na jina la mumewe likasomwa, yule mume alijua mambo matatu kwa dakika moja: kwamba mkewe yu hai, kwamba anamkumbuka, na kwamba nyumbani bado kuna betri za redio! Kwa mtu aliye handakini hiyo si habari ndogo.

Ndugu msikilizaji, hapo ndipo muziki unapoingia. Jeshi na ngoma ni ndugu wa siku nyingi katika nchi zetu. Mwishoni mwa karne ya 19 watu wa pwani, kuanzia Lamu na Mombasa, waliziona bendi za tarumbeta za Wazungu, wakabuni ngoma ya beni. Walikuwa na vyama vya ushindani kama Marini na Arinoti, na wachezaji walijipa vyeo vya kijeshi, mwingine jenerali, mwingine kapteni. Askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia waliibeba beni mpaka bara. Huko juu, karibu na Ziwa Nyasa, katika mkoa uliopewa jina la mto huu huu wa Ruvuma, wanaume bado wanacheza mganda. Wamevaa sare nyeupe, wamejipanga mistari kama paredi, na vibuyu vyao vinatoa sauti ya tarumbeta. Wazee wao walikwenda vitani au waliwaona waliotoka vitani, wakayageuza mateso ya kuruta kuwa mchezo wa kijiji.

Vita vya Pili vikaleta gitaa. Askari wa Afrika Mashariki walipopelekwa Burma, jeshi liliunda kikundi cha burudani kiwafuate huko huko. Fundi Konde, mwanamuziki mashuhuri wa pwani ya Kenya, alikuwa miongoni mwa waliotumikia katika kikundi hicho. Makamanda wa Kiingereza hawakufanya hivyo kwa huruma. Walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba askari anayekaa miezi bila kucheka huanza kugombana na wenzake, hulewa, hutoroka, au hulala lindoni. Vita vilipokwisha, waliorudi na magitaa na mitindo ya kigeni walichangia kuukuza muziki wa dansi mijini.

Baada ya Uhuru tuliliendeleza jambo hilo kwa shabaha nyingine. Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles, jeshi tulilorithi kwa wakoloni, waliasi. Jeshi hilo likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa jipya, likaitwa Jeshi la Wananchi. Jina hilo lilikuwa na maana yake. Askari mpya hakutakiwa kuwa mtu wa kuogopwa kambini. Alitakiwa kuwa mtoto wa mkulima na mfanyakazi anayejulikana kwao. Vyombo vya ulinzi vikawa na bendi. Jeshi la Wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz. Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na Kimulimuli, ambako Zahir Ally Zorro alijipatia jina. Polisi walikuwa na Polisi Jazz, na Magereza nao walikuwa na bendi yao. Mwanamuziki wa bendi hizo alikuwa askari mwenye namba, mshahara na nidhamu. Asubuhi alikuwa kazini, na jioni ya Jumamosi alikuwa jukwaani na gitaa.

Je, muziki wa jukwaani una nini ambacho kaseti au simu haina? Wengi wetu tunaweza kujibu kwa kukumbuka mchakamchaka. Waliopita Jeshi la Kujenga Taifa, na hata waliokimbia mchakamchaka shuleni tu, wanajua. Mwimbishaji anatoa chenja, kundi linaitikia, miguu inagonga ardhi pamoja. Anayeitikia analazimika kutoa pumzi kwa mpango na kuivuta kwa mpango, kwa hiyo hachoki upesi. Anayetaka kuanguka anabebwa na sauti za wenzake kabla hajabebwa na mikono yao. Wimbo ule haufanyi kazi ukiusikiliza. Unafanya kazi ukiuimba. Ni chombo cha kuokoa maisha kama kilivyo kile chandarua.

Dansi la bwaloni lilikuwa na kanuni hiyo hiyo. Mwimbaji alimwona mtu aliyetoka likizo, akalitaja jina lake katikati ya wimbo. Mtu huyo akainuka, akaenda kumtuza. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kwa dakika ile bwalo lilikuwa kwao. Mzee wangu yule wa Mtwara alisema kwamba kila alipotoka mpakani hakuwa na neno la kumweleza mkewe. Walikwenda dansini, wakacheza bila kusema kitu, na kesho yake asubuhi mazungumzo yakaanza yenyewe. Madaktari wana majina yao ya kitaalamu kwa mambo hayo. Yeye alisema tu kwamba kucheza kulimrudisha nyumbani siku moja baada ya mwili wake kufika.

Tena dansi lilifanya kazi ya pili. Bendi za majeshi hazikupiga kambini tu. Zilipiga katika kumbi za starehe mijini, na watu wakalipa kiingilio wakaingia. Mfanyakazi wa bandarini, mwalimu, mama muuza samaki na koplo walicheza sakafu moja. Koplo alikuwa amevaa shati la kawaida na bunduki iko ghalani. Raia alijifunza kwamba askari ni mtu, na askari alijifunza kwamba raia si mzigo wa kulindwa tu.

Kumbi hizo zimepungua sana, na sababu zake zinajulikana. Bendi ya dansi ni watu kumi na zaidi wanaohitaji posho, ala, vipaza sauti na gari la kuwabeba. Disko la miaka ya 80 lilihitaji mtu mmoja na sahani zake. Kuanzia mwaka 1994 redio za watu binafsi na televisheni zikaleta burudani sebuleni, na sasa simu imeileta mfukoni. Bendi za watu binafsi zilivunjika zaidi, kwa kuwa zilitegemea mlangoni. Za majeshi zilikuwa na mshahara wa serikali wa kuzishikilia, lakini nazo hazisikiki kama zamani, na nyingi ya nyimbo zao tunazikuta katika kanda zilizorekodiwa na Redio Tanzania.

Je, hasara hiyo inatuhusu nini leo? Inatuhusu, kwa kuwa mpaka wa Ruvuma haujatulia. Oktoba 2020 wauaji walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, wakaua watu na kuchoma nyumba. Kuanzia mwaka 2021 hadi 2024 askari wetu walikuwa Cabo Delgado katika kikosi cha nchi za SADC, na Aprili 2024 watatu kati yao waliuawa na kombora la mota. Wenzao wamerudi. Wana kumbukumbu zile zile za sajenti wetu, lakini wengi wao wana simu tu, na muziki wa simu unamwingia mtu sikioni akiwa peke yake.

Vilevile tukumbuke Mei 2013, zilipozuka vurugu za bomba la gesi hapa Mtwara, na wanajeshi wakaonekana katika mitaa ya mji. Wapo watoto wa siku zile, vijana wa leo, ambao mara ya kwanza kumwona askari kwa karibu ilikuwa siku ya moshi na milango iliyofungwa. Wazazi wao walimwona kwanza dansini. Hiyo ni tofauti kubwa, na haiondolewi kwa hotuba.

Dawa yake haihitaji mabilioni. Vikosi vingi vina bwalo, na vingine vina vijana wanaojua ala. Bwalo likifunguliwa Jumamosi moja ya mwezi, wenyeji wakaja na sindimba yao, askari wakaja na magitaa yao, kiingilio kikiwa cha kawaida, kazi ile ya zamani itaanza tena. Kanda za Mwenge Jazz na Kimulimuli nazo zipigwe redioni na watangazaji waeleze waliozipiga walikuwa nani, maana waliozipiga ni wazee sasa, na baadhi yao wametutoka.

Ndugu msikilizaji, tunamdai askari uhai wake, na akiutoa tunampigia tarumbeta kaburini. Ni haki pia tumpigie gitaa angali hai, akiwa na mkewe, sakafuni pamoja nasi. Hadi juma lijalo, nawatakia kazi njema.