Jicho Likiuma, Tusisubiri Kesho



Ndugu msomaji, katika Kwaresima moja miaka michache iliyopita, frateri mwenzetu alianza kuja kwenye Masifu ya Jioni akiwa ameziba jicho la kulia kwa leso. Tulipomuuliza, alisema linauma kidogo na hajui lilianzaje. Hakuwa amejigonga, wala jicho halikuwa na tongotongo. Baadhi yetu tulimtania kwamba falsafa anayosoma usiku imemzidi nguvu. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, akampa chupa ya matone aliyobaki nayo tangu alipougua macho mekundu. Naye mwenyewe alijiambia kwamba ni kipindi cha toba, basi maumivu hayo atamtolea Mungu.

Siku ya tano hakuweza kustahimili hata mwanga wa mshumaa. Padre mlezi akampeleka hospitali. Baada ya kumpima, daktari wa macho alimuuliza: “Jumamosi ulifanya kazi gani?” Hapo ndipo alipokumbuka. Tulikuwa shambani tukipalilia mahindi yaliyokwisha kupita kimo cha mtu, na jani moja likampiga usoni. Alilifikicha jicho, akaendelea na jembe, akasahau. Mkwaruzo ule mdogo ulikuwa umeingiwa na fangasi na kuwa kidonda. Matone aliyopewa yalikuwa na dawa ya jamii ya steroidi, ambayo hutuliza wekundu na maumivu huku ikiipunguzia sehemu hiyo nguvu ya kupambana na vijidudu. Alitibiwa kwa wiki nyingi. Jicho lilibaki mahali pake, lakini kovu jeupe lilibaki pia, na leo anasoma kwa msaada wa jicho la kushoto.

Ametuomba tuyaandike haya. Tunayaandika kwa sababu kosa halikuwa lake peke yake. Tulimwona siku tano, na hakuna aliyemwambia: “Ndugu, twende hospitali.”

Kwa nini jicho huuma

Sehemu ya mbele kabisa ya jicho, ile iliyo angavu kama kioo cha saa, huitwa konea. Unene wake katikati ni kama nusu milimita tu. Ina ncha nyingi sana za mishipa ya fahamu, ndiyo maana chembe ya vumbi humfanya mtu mzima atoe machozi. Lakini haina mishipa ya damu, kwa kuwa ingekuwa nayo mwanga usingepita vizuri. Hapo ndipo penye hatari. Vijidudu vikiingia, askari wa mwili wanaosafiri katika damu huchelewa kufika. Tena konea ikipona kidonda kirefu, huacha kovu, na kovu huzuia mwanga kama ukungu kwenye kioo cha dirisha.

Basi maumivu ya jicho ni mlinzi anayepiga kengele usiku. Tukimnyamazisha kwa dawa ya kutuliza bila kuuliza ameona nini, mwizi anaendelea na kazi yake.

Saa chache zina uzito gani?

Mtu anaweza kudhani tunatia chumvi tunaposema kwamba siku moja ni nyingi. Jibu zuri linatoka mbali na kwetu, katika wilaya ya Bhaktapur nchini Nepal, ambako watu wengi ni wakulima kama wazazi wetu. Wahudumu wa afya wa vijijini walifuatilia kwa miaka 2 wakazi 34,902. Waliokwaruzwa konea na kuingizwa katika matibabu walikuwa 442. Walipewa dawa rahisi, mafuta ya macho ya kloramfenikoli ya asilimia 1, mara 3 kwa siku kwa siku 3.

Kati ya wagonjwa 284 walioanza dawa kabla ya saa 18 kupita, hakuna hata mmoja aliyepata kidonda. Kati ya 109 walioanza baina ya saa 18 na 24, wanne walipata maambukizi. Kati ya 49 waliokuja baina ya saa 24 na 48, waliopata maambukizi walikuwa 14, yaani zaidi ya mmoja katika kila wanne. Dawa ilikuwa ile ile na wahudumu walikuwa wale wale. Kilichoonekana kutofautisha ni muda.

Tusielewe vibaya: hii haimaanishi kila mtu akimbilie duka la dawa kununua kloramfenikoli. Wale walipimwa kwanza na mtu aliyefundishwa. Somo letu ni kwamba kituo cha afya kilicho karibu, tukikifikia leo, kinaweza kuzuia kile ambacho hospitali kubwa huenda isiweze kukirekebisha wiki ijayo.

Magonjwa yanayojificha nyuma ya maumivu

Mkwaruzo ni sababu mojawapo tu. Jicho linaweza kuuma kwa sababu sehemu zake za ndani zimevimba. Hapo huwa jekundu kuzunguka mboni, mwanga huumiza, na kuona hufifia. Mara nyingi ugonjwa huu hudhaniwa kuwa macho mekundu ya kawaida, kama yale yaliyoenea Dar es Salaam na mikoa mingine mwanzoni mwa mwaka 2024. Macho mekundu ya kawaida huwasha, hutoa tongotongo au machozi na mara nyingi hushika macho yote mawili, lakini kwa kawaida hayamwondolei mtu uwezo wa kuona. Maumivu makali ya jicho moja pamoja na ukungu ni jambo jingine.

Kuna pia presha ya macho. Wengi wetu tumesikia kwamba haiumi, na ni kweli kwa aina iliyo ya kawaida zaidi kwetu: huiba uoni kimyakimya, ndiyo maana tunahimizwa kupima. Lakini ipo aina inayokuja ghafla. Jicho huuma sana, kichwa hugonga upande huo, mgonjwa hutapika, na akitazama taa huona duara zenye rangi kama upinde wa mvua. Kwa kuwa anatapika na kichwa kinauma, nyumbani husemwa ni malaria au tumbo, na jicho halitajwi kabisa. Jicho hilo linaweza kupofuka ndani ya muda mfupi. Tukimpeleka bibi hospitali kwa sababu ya kutapika, tumwambie daktari kwamba jicho nalo linauma.

Mkanda wa jeshi ukitokea kwenye paji la uso au puani unaweza kushambulia jicho. Mshipa wa fahamu unaounganisha jicho na ubongo ukivimba, jicho huuma linapogeuzwa huku na huku, na rangi huonekana zimepauka. Fundi wa kuchomelea vyuma anayefanya kazi bila kinga huamka usiku akihisi mchanga machoni, saa kadhaa baada ya kuzima mashine. Kwa kawaida hayo hupoa baada ya siku moja au mbili, lakini naye apimwe, maana kipande cha chuma nacho huleta maumivu ya namna hiyo.

Tunaeleza haya ili tuone jambo moja: kwa kutazama kwenye kioo cha bwenini, hakuna kati yetu anayeweza kuyatofautisha. Mtaalamu hutumia taa maalumu yenye kukuza na tone la rangi linalong'aa kijani mahali palipochubuka. Hupima pia presha ya jicho. Sisi hatuna vifaa hivyo, kwa hiyo hatuna haki ya kusema “si kitu”.

Twende siku hiyo hiyo ikiwa:

- jicho linauma sana, au maumivu madogo yanazidi badala ya kupungua;
- kuona kumepungua, hata kidogo;
- mwanga unaumiza;
- kuna doa jeupe au la kijivu mbele ya jicho;
- kichwa kinauma na mgonjwa anatapika;
- kope zimevimba na kuna homa, hasa kwa mtoto;
- jicho limegongwa, limechomwa au limefanyiwa upasuaji hivi karibuni;
- mgonjwa huvaa lenzi za kubandika machoni.

Saruji, chokaa au maji ya betri yakiingia jichoni, tuanze hapo hapo kuliosha kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, ndipo twende. Kitu kikiwa kimechoma jicho, tusikivute wala tusilibonyeze jicho. Tulikinge kwa kitu kigumu kisicholigusa, kama kikombe kidogo, na safari ianze.

Zahanati isipokuwa na mtaalamu wa macho, tuombe rufaa mara moja. Hospitali nyingi za wilaya na mikoa zina wahudumu wa macho, na madaktari bingwa wapo Bugando, KCMC, Muhimbili, CCBRT na kwingineko.

Tusiyoyafanya

Tusitie jichoni maziwa ya mama, mkojo, asali, maji ya chai wala utomvu wa majani. Tunajua vitu hivi hutolewa kwa upendo, mara nyingi na mama au bibi. Lakini huingiza vijidudu au kuunguza konea, na humpotezea mgonjwa siku zile za kwanza zenye thamani. Tusitumie matone ya mwenzetu, hata kama yalimponya. Na tusinunue dawa ya macho bila kupimwa, kwa maana chupa mbili zinazofanana zinaweza kubeba dawa zenye kazi tofauti kabisa.

Je, hatumwamini Mungu?

Swali hili tuliulizana sana baada ya mkasa wa mwenzetu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anaweka sala na tabibu pamoja: mgonjwa amwombe Mungu, tena ampe daktari nafasi yake, kwa kuwa huyo naye ametoka kwa Mungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inafundisha kwamba uhai na afya ya mwili ni zawadi tulizokabidhiwa, nasi tunapaswa kuzitunza kwa busara. Aliyekabidhiwa mali ya mwenyewe haiachi iharibike kisha akasema ameitoa sadaka.

Tobiti naye alipatwa na upofu kutokana na jambo dogo, vinyesi vya ndege vilivyomwangukia machoni alipokuwa amelala ukutani. Hakuona aibu kuwaendea matabibu, ingawa hawakufaulu kumponya. Na Mungu alipomhurumia, alimtuma Rafaeli, ambaye jina lake lina maana ya “Mungu anaponya”, na malaika huyo alimwagiza Tobia atumie dawa.

Maumivu yasiyoepukika, yale yanayobaki baada ya tiba, hayo tuyaunganishe na Msalaba. Lakini maumivu tunayoweza kuyatibu leo tusiyabatize jina la fadhila. Mfungo wa Kwaresima haukumdai mwenzetu jicho lake.

Kwa hiyo tumekubaliana hapa seminarini: anayeumwa jicho humwambia mlezi au mhudumu wa zahanati yetu siku hiyo hiyo, na anayemwona mwenzake akiziba jicho humwambia twende. Tunawaomba na ninyi wanaparokia mfanye hivyo katika jumuiya ndogo ndogo. Pengine anayeteseka ni mzee asiye na nauli, au mtoto asiyejua kueleza. Mchango wa nauli ya bodaboda uliotolewa mapema unaweza kuokoa jicho la mtu.

Mtakatifu Lusia, ambaye tunamkumbuka kila tarehe 13 Desemba na ambaye wenye maradhi ya macho hukimbilia maombezi yake, atuombee.