Fahamu: Kwa nini moyo wa mzee hupimwa kabla ya kubadilishiwa valvu

Valvu ya aota ndiyo mlango wa damu itokayo moyoni kwenda mwilini. Uzeeni huweza kujaa chokaa na kukakamaa. Uwazi wake ukipungua chini ya sentimita 1 ya mraba, huo ni mbano mkali.

Tangu daktari Alain Cribier alipopitisha valvu mpya kwenye mshipa wa damu huko Rouen, Ufaransa, mwaka 2002, wazee wasiohimili kupasuliwa kifua wamepata njia. Ila kwanza moyo upimwe.

Kipimo kikuu ni eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inayoonyesha moyo unasukuma nje asilimia ngapi ya damu yake kwa kila pigo. Mwenye mbano mkali akiwa chini ya asilimia 50, hushauriwa kubadilishiwa hata kama halalamiki. Asilimia nzuri nayo hudanganya: kuta zikinenepa, chumba husinyaa, damu ikatoka kidogo. Moyo dhaifu nao huifanya valvu iliyobana ionekane nafuu. Hapo madaktari huuchochea moyo kwa dawa ya dobutamini huku wakitazama eko, au huipima chokaa ya valvu kwa CT scan.

Ndugu wanaomsindikiza mgonjwa wana kazi pia, na naiona kubwa: wamweleze daktari ni lini mzee wao aliacha kwenda sokoni kwa miguu. Mwenyewe atasema hajambo.