Upepo Usio na Msimamo

Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini huinua mawimbi kwenye Ziwa Tanganyika, na mvuvi wa mji wa Baraka, katika eneo la Fizi, hahitaji kuelezwa maana yake. Rubani wa ndege ndogo, hata hivyo, hauogopi sana upepo mkali unaovuma sawasawa. Huielekeza pua ya ndege kuukabili, akatua kwa mwendo mdogo juu ya ardhi kuliko siku ya shwari. Anachokiogopa ni upepo unaovuma kwa mipigo, mara unaongezeka, mara unakatika.

Bawa hubebwa na hewa inayolipitia, na uzito linaoweza kubeba hufuata kipeo cha pili cha kasi ya hewa hiyo. Tuseme ndege inatua kwa kilomita 150 kwa saa, na upepo wa mbele wa kilomita 30 ukatike ghafla. Kasi ya hewa kwenye bawa inashuka hadi 120, yaani asilimia 20 tu, lakini nguvu ya kubeba inapungua kwa asilimia 36! Juu angani hilo hurekebishika. Mita 20 kutoka ardhini, muda hautoshi. Ndiyo sababu marubani huongeza mwendo kidogo siku za mipigo, ingawa mwendo huo nao hudai njia ndefu ya kutulia, na viwanja vingi vya vijijini ni vifupi.

Umbo la ardhi ya Fizi huongeza ugumu. Baraka imekaa kwenye Ghuba ya Burton, rasi ya Ubwari mbele yake na milima nyuma yake. Mchana ardhi ikipata joto, hewa ya ziwa huingia nchi kavu. Usiku hewa baridi huteremka kutoka milimani. Upepo ukivuka kilele hupasuka na kuzunguka ovyo upande wa pili.

Kibaya zaidi ni wingu la mvua linaloangusha hewa kwa kishindo, ikagonga ardhi na kutawanyika pande zote. Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Goma kupitia Kisangani ilianguka uwanjani Kinshasa ikijaribu kutua katika dhoruba. Kati ya watu 33, alinusurika mmoja. Wachunguzi waliona kwamba huenda ilikutana na hewa ya namna hiyo. Nayo ilikuwa jeti, nzito kuliko ndege ndogo za vijijini.

Kwa hiyo, msafiri, rubani akisema tusubiri wingu lipite, usimhimize.