Hedhi nzito: Ni nini hasa hupunguza damu, na ni nini maneno ya mtaani tu?

Kutoka Kamembe hadi daraja la mto Rusizi si mbali. Lakini kwa mwanamke anayevuka asubuhi na mzigo wake kwenda kuuza Bukavu, njia hiyo hurefuka inapoangukia siku ya pili ya hedhi. Foleni ya mpakani haimpi nafasi ya kubadili pedi, na mzigo ulioko kichwani hauwezi kuwekwa chini ovyo. Ndiyo maana swali hili huulizwa kwa sauti ya chini katika wilaya nzima ya Rusizi, iliyokuwa zamani sehemu ya mkoa wa Cyangugu: je, ipo njia ya kuifanya hedhi iwe fupi au nyepesi?

Njia zipo, tena zaidi ya moja. Tatizo ni kwamba zile zinazotajwa zaidi ndizo zisizosaidia.

Maji ya ndimu, siki na maji ya chumvi ni miongoni mwa vinywaji ambavyo wasichana huambiwa vitakata damu. Hakuna ushahidi kwamba hufanya hivyo. Damu ya hedhi hutoka kwenye utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, ambao hunenepa kila mwezi kwa amri ya homoni na kumomonyoka mimba isipotungwa. Anayetaka damu ipungue hana budi kugusa mojawapo ya mambo matatu: unene wa utando huo, kemikali zinazousukuma mfuko wa uzazi kujikaza, au uwezo wa damu kuganda. Ndimu haigusi hata moja. Kitambaa cha moto tumboni hutuliza maumivu, na hiyo ni faida ya kweli, lakini hakipunguzi damu.

Je, nyingi ni kiasi gani?

Kwa kawaida mwanamke hupoteza damu ya mililita 30 hadi 40 katika hedhi moja, sawa na vijiko viwili au vitatu vya chakula. Kwa muda mrefu madaktari walihesabu kuwa hedhi ni nzito ikizidi mililita 80 au siku saba. Siku hizi huuliza zaidi jinsi hedhi inavyomzuia mtu kuishi maisha yake, na kipimo hicho ni cha haki zaidi, kwani hakuna apimaye damu yake kwa kijiko. Anayelazimika kuvaa pedi mbili kwa pamoja, kuamka usiku kubadili, au kukosa soko na shule kila mwezi, ana hedhi nzito hata kama mama yake naye alikuwa hivyo hivyo.

Dawa zinazofanya kazi

Ya kwanza hupatikana kwa urahisi: ibuprofeni, au jamaa yake asidi ya mefenamiki. Hupunguza kemikali zinazoleta maumivu, na pamoja nazo hupunguza damu, pengine kwa robo hivi. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo asizitumie bila kumwona mganga. Aspirini ni jambo jingine: inaweza kuzidisha damu.

Ya pili ni asidi ya traneksamiki. Huzuia mabonge ya damu yaliyokwisha kuziba mishipa midogo yasiyeyuke mapema, na inaweza kupunguza hedhi kwa karibu nusu. Humezwa katika siku za damu nyingi tu, haizuii mimba wala haiharibu uzazi. Iligunduliwa Japani na mke na mume, Utako na Shosuke Okamoto, waliotangaza matokeo yao mwaka 1962. Utako alikuwa akiwafikiria wanawake wanaovuja damu baada ya kujifungua. Alifariki mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya utafiti wa kimataifa wa wanawake wapatao 20,000 kuonyesha kwamba dawa hiyo hupunguza vifo hivyo. Aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni au mapafuni, au kiharusi, haimfai.

Kundi la tatu ni homoni, na hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa. Vidonge vya uzazi wa mpango huufanya utando uwe mwembamba na hedhi iwe fupi, ingawa havimfai kila mtu, hasa mwenye shinikizo la damu. Sindano huweza kuvuruga hedhi miezi ya mwanzo. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu ya wanaoitumia hawaoni hedhi kabisa. Kipandikizi cha mkononi hakitabiriki: huyu hukauka, yule hutokwa na matone mwezi mzima. Kitanzi nacho ni cha aina mbili. Kile cha shaba mara nyingi huongeza damu. Kile chenye homoni ya levonojestreli ndicho kinachopunguza kuliko dawa zote, hadi asilimia 90, lakini si kila kituo kinacho. Kusema tu "kitanzi" bila kuuliza ni kipi ni kosa linaloweza kumgharimu mtu miaka.

Wapo pia Waislamu wanaoomba vidonge vya kuchelewesha hedhi ili wafunge Ramadhani nzima au wakamilishe Hijja. Vidonge hivyo vipo, huanzwa siku chache kabla ya hedhi, na damu hurudi vikiachwa. Vitolewe na mtaalamu, si na jirani. Na kwa upande wa saumu, mwanamke huyo tayari ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake baadaye.

Damu iliyobadilika ghafla

Hedhi iliyokuwa ya kawaida kisha ikawa nzito hutaka kuchunguzwa kabla ya kupunguzwa. Huenda ni uvimbe katika mfuko wa uzazi, kasoro ya tezi ya shingo, ugonjwa wa damu kutoganda, au mimba inayoharibika. Anayelowesha pedi nzima kila saa kwa saa mbili mfululizo, anayehisi kizunguzungu, mjamzito anayetokwa na damu, au aliyekwisha kufikia ukomo wa hedhi kisha akaona damu tena, asingoje.

Damu inayopotea kila mwezi huondoka na madini ya chuma, na hapo ziwa Kivu lina msaada wake: sambaza, pamoja na maharage na mboga za majani. Ndimu iliyokosa kazi kule juu inaipata hapa, kwani ikikamuliwa juu ya maharage husaidia mwili kuyachukua madini hayo. Chai hufanya kinyume. Hata iwe ya Shagasha, inywewe saa moja au mbili baada ya chakula.

Mwenye mituweli huanzia kituo cha afya, ambacho humpeleka hospitali ya Gihundwe au ya Mibilizi ikihitajika. Aende na karatasi aliyoandika, kwa miezi miwili au mitatu, siku damu ilipoanza, ilipokoma, na pedi alizobadili kila siku. Karatasi hiyo humwambia daktari mengi ambayo mgonjwa huona haya kuyatamka.