Vijana Wanaopima Udongo Wetu Wanatafuta Nini?



Juma hili tunajibu swali lililotoka katika mkutano wa kikundi chetu cha akiba. Mama mmoja alisema: "Wale vijana wa universite wanaopita kuchota udongo na kuutia ndani ya sashe, kisha wanashika kimashine kinacholia tik-tik, wanatafuta nini kwetu? Dhahabu yetu?" Tulicheka, lakini kuuliza si ujinga. Mtu asiyejua kinachopimwa shambani mwake hawezi kudai jibu.

Hawatafuti dhahabu. Wengi wao ni wanafunzi wa masta au doktora, na kimashine kile kinahesabu mionzi.

Mionzi ni kitu gani?

Wengi wetu tunaijua mionzi ya hospitali, pale mtoto aliyevunjika mkono anapopigwa radio. Lakini ardhi nayo inatoa mionzi yake. Ndani ya mawe na udongo mna uraniamu na toriamu, kidogo huku, nyingi kule. Vitu hivi vinavunjika vyenyewe polepole, na vikivunjika vinatoa mionzi. Uraniamu inakwenda polepole sana: nusu yake inahitaji miaka bilioni 4.5 ili iishe. Katika safari hiyo inazaa pia gesi inayoitwa radoni. Haina rangi wala harufu, na inajikusanya ndani ya shimo lisilo na hewa ya kutosha.

Kama unga unavyopimwa kwa kilo, dozi ya mionzi mwilini inapimwa kwa milisiverti. Kwa wastani mtu duniani anapata kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na katika chakula. Juu ya hiyo, kanuni za kimataifa zinataka raia asiongezewe zaidi ya 1 kwa mwaka kwa sababu ya kazi za watu. Mfanyakazi wa mionzi anaruhusiwa wastani wa 20 kwa mwaka, lakini huyo amefundishwa, anavaa kipimo kifuani na anafuatwa na daktari. Basi tusiogope neno lenyewe. Dozi ikiwa kubwa na ikirudia miaka mingi, hapo hatari ya kansa inapanda.

Kazi yao inavyokwenda

Mwanafunzi anachukua udongo, mchanga wa mtoni, maji, hata majani ya mihogo. Udongo anaukausha, anausaga, anauchekecha, kisha anaufunga kwenye kopo lisilopitisha hewa na kuuacha karibu majuma manne, kama tunavyofunika kasiksi na kungoja ifike. Anangoja ili radoni itulie humo ndani. Halafu kopo linaingia katika mashine iliyozungushiwa risasi nene ili mionzi ya nje isiingie. Mashine inahesabu kwa saa nyingi, na kila aina ya mionzi ina nguvu yake, kwa hiyo mwanafunzi anajua hii ni ya uraniamu na ile ni ya toriamu.

Mfano mmoja unatugusa. Mwaka wa 2007, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walitangaza matokeo ya kupima kazi ya wachimbaji wa mikono wa koltani huku kwetu mashariki mwa Kongo. Koltani inabeba uraniamu na toriamu. Waliona kwamba mchimbaji anaweza kufikia milisiverti 18 kwa mwaka, karibu na mpaka wa yule mfanyakazi aliyefundishwa, naye hana kipimo wala daktari. Na kazi iliyoleta dozi kubwa ilikuwa kusaga na kuchekecha, pale vumbi linapopanda na kuingia puani.

Wamama, nani anatwanga na kuchekecha mawe katika Kivu yetu? Ni mama twangaise, mara nyingi akiwa na mtoto mgongoni.

Mawe yetu si koltani

Tuseme ukweli: Luhwindja ni nchi ya dhahabu, na jibu la koltani haliwezi kubandikwa juu ya mawe yetu. Dhahabu nayo haifanani kila mahali. Kule Witwatersrand, Afrika Kusini, inatoka ardhini pamoja na uraniamu, ndiyo maana watafiti wa huko wanapima marundo ya mabaki ya migodi, maji na vumbi la mitaa iliyo karibu. Mahali pengine jiwe la dhahabu halina uraniamu ya kuhesabika. Ndiyo sababu ya kupima hapa hapa.

Na hata mashine ikisema mionzi ni kidogo, vumbi linabaki vumbi. Vumbi la mawe linakausha mapafu, na zebaki, ile dawa ya kushika dhahabu, ikichomwa jikoni moshi wake unaharibu ubongo wa mtoto. Hayo hayangoji matokeo ya universite.

Hata Marie Curie alikuwa mama

Katika darasa letu wasichana hudhani fizikia ni ya wavulana. Tunawaambia habari za Marie Curie. Mwaka wa 1898, alipotangaza huko Paris pamoja na bwana wake kwamba wamegundua radiamu, alikuwa mwanafunzi wa doktora na mama wa mtoto wa mwaka mmoja. Doktora aliipata 1903. Lakini hakujikinga, na mwaka wa 1934 alikufa kwa ugonjwa wa damu uliosemwa kuwa umeletwa na mionzi.

Kongo nayo imo katika historia hiyo. Uraniamu ya Shinkolobwe, Katanga, ndiyo iliyotumika kwa sehemu kubwa katika bomu la Hiroshima la 1945. Na mwaka wa 1959 rekta ya kwanza ya nyuklia Afrika iliwashwa Kinshasa. Mawe yalikuwa yetu, lakini waliojua kuyapima walikuwa wageni. Binti akiachishwa shule kwa kukosa minervali, kesho tutaendelea kungoja mtoto wa mwingine aje kutupimia.

Tunachowaomba wamama

Vijana hao wakifika, tuwapokee vizuri, kisha tuwaombe barua ya universite na ruhusa ya sheferi. Tuwaonyeshe pale tunapotwanga, maana mgeni huenda shimoni kwa wanaume na kusahau kinu cha mama. Kabla hawajaondoka, kikundi kiandike jina lao, namba ya simu na tarehe waliyoahidi kurudi. Jibu waturudishie kwa Kiswahili au kwa Mashi, mbele ya watu. Mara nyingi kitabu chao kinabaki katika maktaba, na aliyetoa udongo hasikii neno.

Wakati tunangoja:

- Tutwange nje, upepo ukitupiga mgongoni, na jiwe tulilowanishe maji kwanza ili vumbi lisipande.
- Tufunike pua na mdomo. Kitambaa hakizuii vumbi lote, lakini ni bora kuliko kukosa.
- Mtoto asikae mgongoni wala karibu na kinu cha mawe. Tupeane zamu ya kulinda watoto.
- Kinu cha mawe kisitwange sombe hata siku moja.
- Tunawe na kubadili kitenge kabla ya kunyonyesha na kupika.
- Mwenye mimba asitwange. Kikundi kimsaidie kwa akiba.
- Zebaki isichomwe ndani ya nyumba.

Tunajua baadhi ya haya ni magumu. Mama anayetwanga anatafuta bugali ya jioni, na kumwambia aache kinu bila kumpa kazi nyingine ni kumdanganya. Ndiyo maana tumeweka neno la akiba hapo juu, na tunaomba vikundi vyote vilijadili Jumapili hii baada ya ibada.

Na yule mama aliyeuliza swali, tunamshukuru. Vijana wale wakirudi, yeye ndiye tutakayemtuma kuwauliza jibu.