LIKIZO NI HAKI YETU: MAFUNZO KUTOKA MILIMA YA AUSTRIA



Katika mikutano yetu ya mashambani na viwandani tumewasikia wengi wakisema: kupanda mlima na watoto, kutazama miti na ndege, hayo ni mambo ya watalii na matajiri. Mfanyakazi akipata siku moja hulala. Hatuwalaumu. Aliyechuma chai siku sita, mgongo wake unataka kitanda, hautaki mlima. Lakini inafaa tujue kuwa huko Austria, katika Ulaya, waliofungua njia za milimani kwa familia za makabwela ni wafanyakazi wenyewe.

Kwanza tutazame hali yao. Mwaka 1888 daktari mmoja, Victor Adler, aliandika gazetini habari za wafyatua matofali wa Wienerberg, karibu na mji mkuu Vienna. Walilala wamesongamana, na walilipwa kwa vipande vya bati badala ya fedha. Vipande hivyo havikununua kitu ila katika duka la hapohapo kazini, tena kwa bei ya kuumiza. Katika viwanda, sheria ya 1885 iliweka kikomo cha saa 11 kwa siku na mapumziko ya Jumapili. Basi Jumapili ndiyo siku pekee ambayo mzazi aliweza kukaa na watoto wake mchana kutwa.

Mwaka 1895 watu watatu walishika shauri hilo: Georg Schmiedl, mwalimu, Alois Rohrauer, mhunzi, na Karl Renner, mwanafunzi wa sheria, mtoto wa mkulima. Schmiedl alitia tangazo katika gazeti la wafanyakazi, Arbeiter-Zeitung, akiwaita wenzake wafanye kundi la matembezi. Mwaka huohuo kikazaliwa chama cha Naturfreunde, maana yake Marafiki wa Maumbile. Safari yao ya kwanza ilikwenda Anninger, mlima wa mita 675 kusini ya Vienna.

Mpango wa safari kama hizo ni rahisi. Wakati wa kiangazi familia hupanda gari moshi alfajiri mpaka kituo cha karibu na milima. Kila mtu ana mkoba mgongoni, ndani yake mkate, maji na nguo ya baridi, maana hewa ya milimani hugeuka ghafla. Anayejua njia hutangulia, na mwendo huwa ni ule wa mtoto mdogo. Njiani watoto huonyeshwa mimea, mawe na chemchemi.

Pingamizi hazikukosekana. Misitu mingi ilikuwa ya makabaila, na watu walizuiwa kupita ili wanyama wa kuwinda wasishtuke. Ndiyo sababu salamu ya chama ikawa "Berg frei", yaani mlima uwe huru. Nyumba za kulala milimani zilikuwa za vyama vya wenye nafasi, basi wafanyakazi wakachanga na kujenga zao. Ya kwanza, Padasterjochhaus katika jimbo la Tirol, ilifunguliwa mwaka 1907. Nyingi zilizofuata zilijengwa na wanachama kwa kujitolea.

Lakini Jumapili moja haitoshi kufika milima mirefu na kurudi. Hapo ilihitajika nguvu ya vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1919 Ferdinand Hanusch, aliyeanza maisha kama mfumaji nguo, alikuwa waziri, na yule Renner alikuwa mkuu wa serikali. Ikapita sheria ya likizo yenye malipo: wiki moja baada ya mwaka mmoja wa kazi, wiki mbili baada ya miaka mitano.

Mwaka 1934 serikali ya kimabavu ilivipiga marufuku vyama huru vya wafanyakazi pamoja na Naturfreunde, na nyumba za milimani zikanyang'anywa. Kwa nini watembea kwa miguu waogopwe? Kwa sababu watu wanaokula mkate pamoja mahali pasipo na msimamizi huzungumza, na wakizungumza hujuana. Baada ya vita, mwaka 1945, chama kilifufuka, na mpaka leo kipo.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya Tanzania inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kenya ni siku 21 za kazi, na Uganda siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi mfululizo. Lakini wangapi kati yetu huziona siku hizo? Wengine huziuza kwa shida ya ada ya shule. Wengine mkataba wao hukatwa kabla mwaka haujatimia, kisha huandikwa upya kama wageni.

Tunashauri hivi. Omba likizo yako kwa maandishi, na ubaki na nakala. Ukikataliwa, mpelekee mjumbe wa tawi lako nakala hiyo mapema. Na ukiipata, usiimalize yote kwa vibarua vya pembeni. Chukua walau siku moja uende na watoto kwenye kilima kilicho karibu. Wakuone ukiwa hujachoka.

Umoja ni nguvu.